Namba ya Ng'ombe wa Koko

"Lakini koko, mimi sijamhesabu ng'ombe tena. Nimezidisha namba ya hereni ya sikioni mwake, basi. Namba haina damu."

Koko ni bibi yangu. Alisimama mlangoni mwa zizi na ndoo tupu. Ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye migomba, na yule ng'ombe mweusi mwenye mimba alikuwa anazunguka. Tangu mchana hali, halali, anazunguka tu nguzo ya katikati, upande uleule.

Kosa nililifanya asubuhi. Kwetu Waarusha, kilicho hai hakihesabiwi. Koko anawaangalia tu wakipita getini, anajua nani hayupo. Mimi wa form four, niliyepanda kutoka Sombetini mjini kukaa siku tatu, nikasema kwa sauti: "Wako sita, na wa saba yuko tumboni."

Koko alijitemea mate kifuani kufukuza mkosi. "Msomi wewe, umehesabu mpaka ambaye hajazaliwa. Hata wale wa serikali waliokuja kuwavalisha hereni hawakuthubutu."

Ndiyo maana jioni hiyo nilitaka kumwonyesha kwamba namba ni namba tu. Hereni ya yule mweusi inaishia na 142857. Nikatoa simu, nikazidisha kwa mbili: 285714. Nikadhani nimekosea, maana tarakimu ni zilezile, zimesogea tu. Kwa tatu, 428571. Nne, 571428. Tano, 714285. Sita, 857142. Hakuna iliyoingia, hakuna iliyotoka. Nikaizidisha yenyewe kwa yenyewe, nikapata 20408122449. Nikaikata, 20408 huku na 122449 kule, nikajumlisha. Ikarudi 142857.

Nikaifunika simu kwa kanga.

"Umefika ngapi?" Koko ndiye aliyeuliza, yeye asiyetaka kusikia namba.

"Sita."

"Ishia hapo."

Kusubiri sijui. Nikaifunua simu, nikabonyeza saba. 999999. Tarakimu zile zote zimepotea.

Nilipoinua kichwa, ng'ombe alikuwa amesimama, ananiangalia, tumbo limetulia kabisa. Sababu ya zile namba ninaijua: ukigawa moja kwa saba, desimali ni hizohizo, zinajirudia bila mwisho. Mwalimu angenipa vema. Pale zizini haikunisaidia kitu.

"Koko, tumwite daktari wa mifugo."

"Yule akifika tu, 'mama, mna ng'ombe wangapi?' Haingii hapa."

"Na ndama akifa?"

Akaangalia ndoo yake. Nikaingia, nikaweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe. Ngozi ilikuwa baridi kwa ukungu. Nikangoja mpaka mkono ukafa ganzi, ndipo likaja teke dogo, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya mbali. Nikangoja lingine. Halikuja.

Sikumwambia koko, lakini palepale niliamua: kukipambazuka nashuka barabarani kumfuata daktari mwenyewe, na kabla hajagusa geti nitamkataza kuuliza ni wangapi.