Nasikia Baridi

Mwalimu wa chekechea alituomba wazazi, kila mmoja kwa siku yake, tuje darasani kuwafundisha watoto sentensi moja kuhusu baridi kwa lugha ya nyumbani. Nilibadilishana shifti kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikavaa gauni langu la kanisani, nikatembea na binti yangu mpaka shuleni hapa ugenini, Macquarie Fields. Tangu aanze shule, mtoto huyu ananielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza. Nikimpa simu aongee na bibi yake Kigoma, anatabasamu tu, bibi naye anabaki kuuliza kama mtandao umekatika. Nilijiambia, akiona wenzake wanaifurahia lugha yetu, pengine naye atailegezea ulimi.

Darasani walikuwa wanabandika pamba kwenye karatasi za bluu, eti theluji. Nje jua linawaka, na theluji yenyewe hapa hawajaiona hata siku moja. Lakini kitabu kimesema majira ya baridi ni theluji, basi pamba na gundi mpaka kwenye nywele. Nilikalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika kifuani.

"Nasikia baridi," nikawaambia.

Wakarudia vizuri kuliko nilivyotarajia. Moyo ulinijaa, nikamtafuta binti yangu kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mwalimu akauliza maana yake. Hapo ndipo nilipojiponza. Badala ya kutulia, nikatafsiri neno kwa neno: "I hear cold."

Kisha mtoto mmoja akaweka kiganja sikioni, akauliza baridi inasemaje. Mwingine akaiga huku akicheka, na punde darasa zima limetega masikio kuelekea dirishani. Mwalimu alicheka pia, kwa upole, nakiri. Wala hakukuwa na ubaya. Ningewaeleza vipi kwamba kwetu tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu na harufu ya maandazi, na hakuna anayeshangaa? Kiingereza changu cha kumgeuza mzee kitandani na kumpa dawa kinanitosha kazini. Pale kiliniishia. Nilijaribu, "No, not hear, it is like..." nikakwama hapo, mikono ikielea hewani.

Mwalimu akamgeukia binti yangu ili aniokoe. "Can you help Mummy? Is that how you say it at home?"

Asubuhi ileile nilikuwa nimemuuliza, "Unasikia baridi?" akaitikia, akavuta blanketi mpaka puani. Sasa akainua mabega.

"I don't know. I don't speak that."

Nilitamani kumkemea, na hasira ilinipanda kwelikweli, lakini ungemkemea vipi mtoto wa miaka mitano mbele ya wenzake, kwa lugha ambayo ndiyo kwanza ameikana? Nikacheka kama mjinga. Mwalimu aliandika sentensi yangu ubaoni, akasahau herufi moja, nami sikumsahihisha. Watoto wakanipigia makofi.

Kengele ya mapumziko ikalia. Wenzake walipokuwa wanagombania kofia mlangoni, binti yangu alinijia, akanivuta mkono mpaka nikainama. Aliangalia nyuma kwanza kuona nani yuko karibu.

"Mama, usije tena darasani kwetu."

Ilikuwa sentensi nzima ya kwanza ya Kiswahili aliyonipa tangu aanze shule, na haikuwa na kosa hata moja. Alikuwa ameichagua lugha hiyo ili wenzake wasielewe.

"Sawa, mama," nikamwambia, nikamfunga zipu ya jaketi.