Setelaiti ilisema Mwanaidi kakata msitu, Lucinda akaenda kuangalia visiki

Lucinda Silvio amepiga magoti mbele ya kisiki cha mkorosho, simu mkononi, na anacheka. Kisiki kimechipua vitawi vinne, kila kimoja kimezungushiwa kiplastiki.

"Mama Mwanaidi, hii umebebesha?"

"Sasa ulidhani nimeifunga bandeji?"

Yaani hapo hapo mambo yanageuka! Maana ofisini kwa Lucinda, kwenye ramani, shamba hili lina rangi nyekundu, na nyekundu ni msitu uliokatwa.

Lucinda, 28, anaishi Likombe, Mtwara. Kazi yake ni kulinganisha picha za setelaiti: eneo lile lile, miaka tofauti. Kompyuta inapaka rangi kila palipobadilika, kuanzia mashamba ya korosho mpaka mikoko ya mdomo wa mto Ruvuma. Halafu yeye anapanda pikipiki kwenda kuhakikisha kwa macho.

"Watu wanadhani nakula kiyoyozi tu," anasema. "Waje waione miguu yangu."

Safari hii nyekundu imemleta Mnayope, kijiji kinachopakana na msitu wake wa hifadhi. Wanakijiji walishakubaliana: shamba likithibitika limeingia msituni, linarudi kijijini. Na Mwanaidi Abdallah, mjane wa miaka 54, ana hizi ekari tatu tu.

Shemeji yake, Amiri, ndiyo kwanza kapata la kusema.

"Shemeji, hata huko juu wamekuona na panga!"

"Wewe wangekuona wapi? Jembe hujalishika toka Ramadhani."

Mwanaidi anacheka, ila usingizi hana. "Nikinyang'anywa hapa, watoto nitawapeleka wapi?"

Kilichotokea ni hivi. Mumewe alipoanza kuugua, shamba halikupaliliwa tena. Mikorosho ikazeeka, matawi yakashikana. Ukitazama kutoka juu ni msitu kabisa. Mwaka jana, kwa nusu ya mikorosho yake, Mwanaidi akafuata ushauri wa wataalamu wa korosho kutoka Naliendele: kata mti mzee, acha kisiki kichipue, kisha bebesha, yaani pachika kwenye chipukizi kikonyo, kijiti kichanga cha mkorosho bora. Kompyuta ikaona kijani kimeondoka, ikahukumu.

Lakini mjumbe wa kijiji, Mzee Erasto, hakuridhika na visiki. "Mikorosho hata msituni inajiotea, binti yangu. Tutajuaje ilipandwa?"

Basi Lucinda akafungua kompyuta mpakato pale pale shambani, akarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, mpaka picha ya 2006, mikorosho ikiwa bado midogo. Vidoti! Vimejipanga mistari, safu kwa safu.

Mzee Erasto akainama, akavihesabu kwa kidole. "Aa, msitu haupandwi kwa kamba."

Mwanaidi akapiga kigelegele. Kikakatikia njiani.

Upande wa mashariki, safu za vidoti ziliisha, ila nyekundu iliendelea. Leo pale kuna mihogo. Wote wakamgeukia Mwanaidi.

"Hako ka kona," akasema polepole, "nilikata mwenyewe. Nilitaka mihogo ya kula."

Lucinda hakukafuta kwenye ramani. "Ningekaficha, nani angeniamini kwenye zile ekari tatu?"

Mkutano wa kijiji ulikaa Ijumaa, baada ya swala. Shamba limebaki kwa Mwanaidi. Kona itarudi msituni akishang'oa mihogo yake. Ile nusu ya mikorosho ambayo hajaikata anataka kuibebesha mwakani, na safari hii atatoa taarifa kijijini kabla ya kugusa panga.

Naye Lucinda ameshaomba ofisini kwake mikorosho inayobebeshwa ipewe rangi yake kwenye ramani. Hajajibiwa. Wakati anasubiri, amepanga kupita kijiji kwa kijiji kabla ripoti ya pwani nzima haijatoka.

"Nyekundu bado ni nyingi, mpaka kule mto unapoingia baharini," anasema, akivaa helmeti. "Na kila moja ina mwenyewe."