Mtandao wa Chumba Kimoja

Pale Susuni mtandao ulikuwa juu ya jiwe. Ukitaka kuzungumza na mtu, unapanda lile jiwe kubwa nyuma ya zizi, unageukia upande wa Tarime, na ukikosea kidogo tu simu inadaka mnara wa Kenya na kukukaribisha nchi ya watu. Wanawake wote tulipanda. Mimi nilipanda kuliko wote, maana mwanaume wangu alikuwa Kemambo kwenye mashimo ya dhahabu, miaka ile ambayo kila kijana mwenye nguvu alikimbilia huko, na alikuwa ameahidi kunikomboa.

Kunikomboa kutoka kwa nani? Kwa mama aliyenioa. Kwetu Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, ili binti huyo amzalie watoto wa ukoo wake, na mwanaume aliyewazaa asiwe na lake. Ng'ombe walikwenda kwa baba yangu, mimi nikaja kwake. Nilimwita mama. Ili niondoke na mwanangu, ambaye bado alikuwa tumboni, ilikuwa lazima ng'ombe warudi wote. Mwanaume wangu alisema dhahabu itawarudisha, na mimi, mjinga wa mapenzi, nilimwamini.

Magoti ya mama yalikataa jiwe, lakini ng'ombe hazeeki maini. Naye alitaka kupiga simu kama wasichana. Akamwita fundi wa simu kutoka Tarime mjini, Mwislamu mmoja mpole, aje afunge busta, kifaa cha kuvuta mtandao mpaka ndani. Nilifurahi kuliko mwenye nyumba. Nilimpikia yule fundi ugali na kuku kwa moyo wote.

Fundi alitandaza vitu vyake mkekani, akaeleza. Antena za nje zipo mbili: ya duara inadaka kila upande, Kenya na Tanzania pamoja, ya vijiti, iliyofanana na mifupa ya samaki, inaangalia mnara mmoja tu. Mama akachagua ya vijiti, na hapo nilimsifu kimoyomoyo. Kisha ukabaki mtambo wa ndani, ule unaomwaga mtandao. Nao ulikuwepo mkubwa na mdogo.

"Huo mkubwa unafika wapi?" mama aliuliza.

"Unafika jikoni, mama. Hata zizini unafika."

"Basi nipe mdogo."

Fundi alidhani hajaeleweka. Akarudia kwamba bei zinakaribiana, na mkubwa utawafaa wote. Mama akamwambia bei haimsumbui.

"Ng'ombe wangu hawapigi simu," alisema, akiniangalia mimi.

Nilimchukia siku ile, na chuki ile sijaimaliza.

Mtambo mdogo ulijaza chumba chake cha kulala, ukaishia mlangoni. Kesho yake akanipiga marufuku kupanda jiwe. Mtandao uko nyumbani, alisema, huko juu unafuata nini? Na chumbani kwake nilikuwa naingia kufagia tu, naye amekaa kitandani ananihesabia kila pigo la ufagio. Simu yangu ikawa ya kuangalia saa.

Mwanaume wangu aliponikosa, akaomba namba ya mama kwa jirani. Mama alikuwa hasikii vizuri, kwa hiyo alizungumza kwa spika siku zote, na kwa ule mtambo sauti ilikuwa safi hata nje ya dirisha, nilipokuwa nafua. Nilimsikia mwanaume wangu akimwamkia shikamoo. Nikamsikia akisema shimo limetoa, ng'ombe wote atawaleta kabla ya mvua, na anaomba kuongea na mimi.

"Umechelewa, mwanangu," mama alimjibu, kwa huruma ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Tulimzika wiki iliyopita. Uzazi."

Mwanaume mzima akalia kwenye spika.

Niliacha nguo kwenye beseni, nikakimbilia jiweni na povu mikononi. Alipokea. Nikamwambia ni mimi, nipo hai, mama amemdanganya. Nilidhani atashukuru Mungu.

"Niache," alisema. "Usinifuate shimoni, nakuomba. Nitakuletea mbuzi wa matanga."

Wachimbaji wanaogopa marehemu kuliko wanavyoogopa kifusi. Marehemu akikufuata, wanasema, anafunga kwanza dhahabu halafu anafunga shimo, na wewe uko ndani. Alikata. Nilipiga tena mpaka chaji ikaisha, lakini laini alikuwa ameshaitupa. Niliowatuma Kemambo walirudi wakisema amehamia machimbo mengine.

Mbuzi alikuja kweli, mweusi, amefungwa nyuma ya bodaboda. Nilisimama mbele ya dereva nikamwambia anitazame vizuri, kisha aende akaseme amenikuta nafua. Aliangalia chini. Alikuwa ameshaonywa kwamba atatokea mwanamke wa kusema hivyo, na asimjibu. Akamfungua mbuzi bila kuzima injini, akaondoka.

Mama aliamuru achinjwe, nami nikampika. Nyama ya matanga yangu ilikuwa laini. Mama alinikatia ini, akasema siku hizi nimepungua sana, nami nikala.