Dawati la Mbele

Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini. Hapana, nadanganya, ilikuwa ishirini na moja, maana ziwa lilikuwa limekwisha kupanda na vichanja vya dagaa pale Kibirizi vimemezwa na maji. Mwaka huo Saumu, mtoto wa mtaa wa Kasingirima, akiwa darasa la tatu, alishikwa na homa ikampanda kichwani. Homa ikaondoka, masikio hayakurudi. Watu wakawa kama wanaongea ndani ya pipa.

Mama yake, Zuleha, alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwake, akasema polepole: "Usimwambie mtu. Nitaongea mwenyewe na mwalimu akuweke mbele."

Saumu akalingoja hilo dawati la mbele. Mwalimu Skolastika alikuwa akifundisha huku ameelekea ubaoni, na mtoto, kule nyuma ukutani, akawa anasoma mgongo. Akiitwa haitiki. Asipoitika, fimbo.

"Mama, umeongea naye?"

"Nimeongea. Vumilia, madawati machache."

Akavumilia hadi la saba, akafeli.

Sasa yuko Kibirizi, anaanika dagaa pamoja na mwenzake Wema. Pale injini zinanguruma, kila mtu anasema kwa mikono. Masikio yake hayamsumbui mtu.

Juzijuzi mwalimu Skolastika alikuja kununua dagaa. Akamwita kwa nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Kiburi kilekile!"

"Kiburi gani, mwalimu?" Wema akacheka. "Huyo ukimtaka simama mbele yake, kama umekuja kuposa."

Mwalimu akazunguka. Saumu akaacha dagaa, akamwamkia. Shikamoo yake haikuitikiwa.

"Hasikii? Mbona mama yake alipokuja shuleni nilimuuliza, mtoto ana shida ya masikio? Akaapa kabisa, mzima huyo, jeuri tu, nimchape."

Saumu alikuwa anaitazama midomo ile. Kwa miaka yote ya mwalimu Skolastika, hilo ndilo somo alilolipata lote, halikumpita hata neno.

Nyumbani alimkuta mama yake akichambua mchele. Akachuchumaa, akamshika kidevu vilevile alivyoshikwa yeye, akamgeuzia uso kwake. Zuleha akajitoa mkononi, akainamia ungo mpaka midomo yake ikawa haionekani. Saumu akauliza hivyohivyo, na mpaka leo anangoja:

"Mama, na zile fimbo ulikuwa unazijua?"