Herufi Z katika kanuni ya kukausha ndizi

Leo wamenialika darasani mimi mzee, na mwanafunzi mmoja ameniaibisha.

Ameleta kanuni yangu ya zamani ya kukadiria ndizi zinavyokauka juani. Jua limo, upepo umo, unyevu umo.

"Na hii Z, Mwalimu, ni nini?"

Nimejifanya natafuta chaki.

Z ni askari, jamani.

Miaka ile ya utawala wa jeshi nilikuwa nakausha ndizi kwenye chanja, nyuma ya ghala moja la bandari ya Port Bell, kando ya ziwa. Kila saa nazipima. Kila adhuhuri uzito unashuka kupita kiasi. Nikalaumu mizani. Nikalaumu upepo wa ziwa.

Siku moja nikarudi mapema. Mlinzi wa ghala, bunduki begani, anatafuna utafiti wangu.

"Mwalimu, hii ya saa sita iko tamu. Ya asubuhi iko bado."

Nikamshukuru. Wewe ungefanyaje?

Nikaongeza Z kwenye kanuni: vipande vinne kwa siku. Hesabu ikakubali, wakubwa wakanisifu.

Kisha asubuhi moja nikakuta mlinzi mwingine. Adhuhuri nikapima. Nikapima tena. Hakuna kilichopungua ila maji.

Sikuuliza yule wa kwanza yuko wapi. Miaka ile mtu akikosekana, huulizi.

Basi leo nimejibu tu, "Z ni sifuri."

"Sasa mbona hujaifuta, Mwalimu?"

Nimemwambia nitamwandikia. Nimekaa na kalamu tangu saa nane. Nisaidieni.