Shali ya Bi Loretta na Medali ya Fedha

Siku yangu ya kwanza kazini Fort Worth, Mkuu wa karakana alinitaka nivue pete na saa kabla hata hajaniuliza jina. "Hapa chuma hakigusi kitambaa," alisema. Mombasa nilikuwa fundi wa kudarizi kanzu. Marekani nilianzia kiwanda cha mapazia, Garland. Sasa, miaka ya tisini, nilikuwa kwenye karakana ya kutunza nguo za kale. Miezi ya mwanzo nilifyonza vumbi tu, nikitanguliza wavu mwembamba ili mashine isivute nyuzi zilizochoka.

Mkuu alikuwa na kanuni yake: nguo ikishatengenezwa kwetu, haivaliwi tena. Hulazwa kabatini, gizani. Sikuwa na ubishi nayo, mpaka alipokuja Bi Loretta.

Alikuwa mama mzee wa Waquapaw, wenyeji wa asili waliokuwa na nchi yao Arkansas kabla ya kuhamishiwa Oklahoma. Mwenyewe aliishi Arlington. Alifungua mezani shali ya sufu ya buluu, pindo lake limepambwa kwa ribeni za hariri zilizokatwa, zikakunjwa na kushonwa moja juu ya nyingine. Ilinikumbusha taraza, ile nakshi ya shingo ya kanzu. Lakini hariri ilikuwa imepasukapasuka. Kando yake aliweka medali ya fedha, pana kama kisosi, ambayo serikali ilimpa mzee wa ukoo wao siku ya kutia saini mkataba wa kuiachia ardhi yao.

"Mjukuu wangu atacheza na shali hii kiangazi, kwenye ngoma yetu," alisema. "Mimi naumwa. Nataka nimvishe kwa mkono wangu."

"Mama, ikichezewa ngoma itaisha," Mkuu akamwambia kwa upole.

"Na isipochezewa, ni ya nani?"

Akaanza kuifunga. Sikuwa na desturi ya kusema mbele ya wakubwa. Lakini nilisema tunaweza kutia bitana ya hariri mpya chini ya ribeni, ili uzito ubebwe na kitambaa kipya.

Mkuu aliinama akazikagua ribeni moja moja. "Itachanika hata hivyo," alisema mwishowe.

"Basi itashonwa," Bi Loretta akajibu.

Mkuu akaniletea hariri yeye mwenyewe.

Nilipiga bandi kwanza, ule mshono mrefu wa kushikiza, ndipo nikashona. Medali hatukuing'arisha; Bi Loretta alisema weusi wake ni wa mikono ya wazee wake.

Siku ya kuchukua alikuja na yule mjukuu, binti kijana. Akamvisha shali pale pale karakanani, akamtundikia medali shingoni.

"Ni nzito, bibi."

"Ndiyo," alisema. "Ilitugharimu Arkansas."

Bi Loretta alifariki kabla ya baridi kuisha. Mwaka uliofuata binti alirudi peke yake, pindo limechanika na lina madoa ya nyasi. Hakuniachia kazi, aliomba nimfundishe. Alikaa kando yangu siku nzima, akichomwa na sindano na kucheka.

Baadaye nilihamia karakana ya Houston, na sasa nimestaafu, naishi Sugar Land. Nguo nyingi nilizotengeneza ziko nyuma ya vioo, naweza kwenda kuziona. Shali ile haikuletwa tena. Mkuu aliwahi kunipigia simu, akihofia imepotea. Nikamwambia hapana, yule binti anaishona mwenyewe.