Makopo Yaliyobonyea

“Mama, inuka, nipe kiatu changu!”

“Kiatu gani?”

“Hicho ulichokikalia!”

Nilikuwa nimekikalia kweli, na kilikuwa kinaniumiza, lakini sikuinuka. Mwanangu alisimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, anataka kwenda dukani kumwapia meneja kwamba hajabonyeza kopo hata moja tangu azaliwe.

“Ukienda unafoka hivyo, kazi ya mkeo ndiyo imekwisha,” nikamwambia. “Kaa chini, baba.”

Maana leo mkwe wangu anamaliza miezi mitatu ya majaribio pale dukani, kwenye mashine ya kulipia. Jioni hii ama anapewa kadi ya kazi yenye picha yake, ama anarudi kukaa nasi tuhesabu matone ya bomba. Na asubuhi kapiga simu analia: meneja anauliza mbona makopo yanabonyea siku mumewe anapokuja tu.

Mwanangu huyu tunamwita Waziri wa Fedha. Tangu tuhamie nchi hii ya watu, na mwaka haujaisha, hakuna senti iliyotoka bila yeye kuisindikiza. Sabuni ya kipande huikata kwa uzi mara sita. Dawa ya meno huiviringisha mpaka ikiri makosa. Kipakiti cha majani ya chai hukianika kwa kibanio: maji ya kwanza ya mkewe anayekwenda kazini, ya pili yake, ya tatu yangu. Mimi hunywa maji ya moto yaliyosikia habari za chai. Bei za maduka matatu anazo kichwani. Alipougua homa hakumtaja mkewe wala mimi, alitaja bei ya mchele.

Basi siku moja akagundua kwamba kopo la maharage likibonyea hubandikwa karatasi nyekundu ya nusu bei, likatiwa kwenye kikapu karibu na mlango. Alirudi anang’aa kama aliyeokota dhahabu. Lakini kila akienda, kikapu kitupu. Alinyong’onyea mpaka nikamwonea huruma, nikasema nitamsindikiza.

Tangu hapo bahati ikamwandama. Tukiingia, yeye huenda kusoma bei za mchele, mimi napita kwenye makopo na fimbo yangu. Fimbo yenyewe nayo imezeeka, huteleza. Tukimaliza kuzunguka, kikapu kimejaa, na mwanangu anainua mikono: “Mama, una nyota!” Sasa makopo arobaini na moja yako chini ya kitanda changu. Nikijigeuza, maharage yananiitikia.

“Mimi nibonyeze kopo?” akafoka tena. “Mimi?”

“Wewe hata ndizi hujui kubonyeza.”

“Sasa nani?”

“Makopo ya siku hizi, mwanangu. Bati jepesi. Ukipiga chafya, linabonyea.”

“Wana kamera, Mama. Leo meneja anakaa kuitazama.”

Kile kiatu kikaanza kuniunguza. Nikajikohoza, nikamwambia anishike mkono niende chooni.

“Si una fimbo?” Akatazama pembeni mwa mlango, inapokaa siku zote. Akainama chini ya meza. “Mama, fimbo yako iko wapi?”

“Ipo.”

“Ipo wapi? Maana jana tulitoka dukani umenishika bega.”

“Nilikuwa nakupenda.”

“Na juzi hukunipenda?”

Hapo mlango ukafunguka. Mkwe wangu akaingia, kadi mpya inaning’inia shingoni, picha yake imetabasamu kuliko mwenyewe. Mkononi kashika fimbo yangu, na juu ya kishikio chake wamebandika ile karatasi nyekundu ya nusu bei.

Mwanangu akaitazama karatasi, akaitazama fimbo, kisha akanitazama mimi.

Nikainuka mwenyewe, bila kushikwa, nikampa kiatu chake.